LUG, LAD au Cephalocon: nafasi ni ya mtu mmoja, aende wapi?

Mlinzi_wa_Diski

Wakuu, salaam. Kazini kwetu imepatikana bajeti ya kumpeleka mtu mmoja kwenye mkutano mmoja wa watumiaji wa mifumo ya faili iliyosambazwa, yaani inayogawa data kwenye seva nyingi. Mmoja tu, na jina la mkutano linatakiwa mezani kwa bosi kabla ya mwisho wa mwezi. Nimebakiwa na machaguo matatu.

Kuna LUG, wa watumiaji wa Lustre (mmoja wa mifumo hiyo), unaoandaliwa na jumuiya ya OpenSFS, mara nyingi Marekani, kati ya Aprili na Mei. Kuna LAD, wa wasimamizi na watengenezaji wa Lustre hiyo hiyo, unaoandaliwa na jumuiya ya EOFS huko Ulaya, mara nyingi Paris. Halafu Cephalocon ya watu wa Ceph, mfumo mwingine, na mkutano wake unahamahama: 2018 Beijing, 2019 Barcelona, 2023 Amsterdam, 2024 pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, Geneva.

Aliyewahi kuhudhuria zaidi ya mmoja anisaidie kulinganisha. Upi una faida kubwa?

Bi_Seva

Faida kwa nani, kaka? Umetaja mikutano mitatu na hujataja mnatumia mfumo gani sasa. Mna mashine ngapi? Data ni ya aina gani, faili chache kubwa au mamilioni ya faili ndogo? Anayekwenda ni msimamizi anayeamka usiku seva ikilia, au ni mkuu wa idara anayetaka kuona mwelekeo? Bila hayo kila mtu hapa atakuuzia anachokipenda yeye.

TuxMkongwe

LAD. Wala usiumize kichwa.

Lustre ilianza 1999 kama mradi wa Peter Braam pale Carnegie Mellon, toleo la 1.0 likatoka 2003. Tangu hapo imepita mikononi mwa Cluster File Systems, Sun, Oracle, Whamcloud, Intel na sasa DDN. Kila ilipobadilisha mwenyewe watu walisema imekufa. Oracle ilipopunguza kasi mwaka 2010, watumiaji wakubwa na kampuni za vifaa ndio waliojikusanya wakaunda OpenSFS. Kwa hiyo ukiingia LUG au LAD unakutana na jamii iliyoubeba mfumo mgongoni. Wanasimama watu wa vituo vya kompyuta kubwa na kusema wazi: tulipandisha toleo, hiki kikavunjika, tukafanya hivi. Mawasilisho ya namna hiyo, ya kituo kueleza hali yake, yana thamani kuliko hotuba yoyote ya mauzo.

Kati ya hiyo miwili nampendekezea LAD kwa sababu ni mdogo. Aliyeandika msimbo unaokusumbua anaweza kuwa meza ya pili.

nodi_ya_saba

Mzee Tux, heshima yako, ila kila mtu akiuliza njia wewe unamwelekeza kwenye Lustre. Huyu ndugu hajasema kama ana kompyuta kubwa.

Mimi ni Cephalocon. Ceph inakupa faili, vitalu vya diski na hifadhi ya aina ya S3 (kama ya wingu la Amazon) juu ya msingi mmoja, RADOS. Mtu akirudi kutoka pale amejifunza kitu atakachotumia hata kama hamtaishia kwenye CephFS, sehemu yake ya faili. Na wanaohudhuria ni mchanganyiko: vyuo, watoa huduma za wingu, CERN, watu wenye klasta ndogo za mashine chache. Kwenye Lustre utasikiliza habari za kompyuta kubwa ya Frontier pale Oak Ridge, Marekani, na mfumo wake wa Orion. Inasisimua sana, lakini utaipeleka wapi kama una kabati moja la seva?

Tena klaienti ya CephFS (programu ya upande wa mtumiaji) imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 2.6.34, mwaka 2010. Ya Lustre iliingizwa kwenye eneo la majaribio la kerneli, ikaja kuondolewa 2018. Kila mkisasisha kerneli mnakaa kusubiri klaienti inayoendana nayo.

TuxMkongwe

Hilo la kerneli ni kweli na linaudhi, silipingi. Lakini mwenye klasta ya hesabu hasasishi kerneli kila wiki. Anapanga. Na ukitaka kasi ya kuandika faili moja kubwa kutoka nodi (mashine za hesabu) mia kwa wakati mmoja, hakuna cha bure kitakachokufikisha inakokufikisha Lustre. Unaigawa faili vipande juu ya OST (hifadhi za data za Lustre) nyingi kwa `lfs setstripe`, na tangu toleo la 2.10 hata kupanga kwa mkono si lazima: mpangilio unakua kadiri faili inavyokua.

Fundi_Rafu

Naomba niandike kwa urefu, maana jambo hili lilituumiza na linahusu mikutano moja kwa moja.

Taasisi niliyokuwa nafanya kazi ilinunua klasta ya Ceph kutoka kwa kampuni iliyokuja na mafundi wake, ikafunga kila kitu, ikatukabidhi manenosiri na kuondoka. Kwenye karatasi za makabidhiano nafasi ya kuhifadhi ilionekana kubwa mno kwa diski zilizokuwepo. Sababu tuliijua kwa kuchelewa: data iliwekwa nakala 2 (`size`), badala ya 3 ambazo Ceph huziweka yenyewe usipoibadilisha, na `min_size` ilikuwa 1. Maana yake, hata ikibaki nakala moja hai mfumo unaendelea kupokea maandishi mapya kana kwamba hakuna tatizo.

Usiku mmoja diski ikazimika. Mfumo ukaendelea kupokea data kwenye diski zenye nakala iliyobaki, na papo hapo ukaanza kunakili upya kwenda kwingine ili nakala zirudi kuwa 2. Kunakili huko ni kazi nzito, diski husomwa mfululizo bila kupumzika, na zetu zote zilinunuliwa siku moja na zilikuwa zimechoka pamoja. Kabla kazi haijaisha, moja ya zile zilizokuwa zinasomwa nayo ikafa. Ile ya kwanza tulifanikiwa kuiamsha, lakini ilikuwa na data ya kabla ya kuzimika kwake. Yaliyoandikwa baada ya hapo hayakuwa popote duniani.

Baadhi ya vikundi vya data vilivyoathirika vilikuwa vya metadata (maelezo kuhusu faili) ya CephFS, na hapo ndipo wengi hawajui uzito wake. Ukipoteza kipande cha data, umepoteza faili kadhaa. Ukipoteza kipande cha metadata, umepoteza majina na folda za faili ambazo yaliyomo yake yapo mazima kwenye diski. Tulikuwa na rundo la data isiyo na jina wala mahali. Ipo zana, `cephfs-data-scan`, inayopitia vitu vyote na kujaribu kuujenga upya mti wa folda. Tuliiendesha kwa siku nyingi. Sehemu ilirudi, sehemu ikaishia `lost+found` ikiwa na namba tu, na watafiti wakakaa kufungua faili moja moja kuangalia kama ni yao. Mmoja wao alikuwa anakaribia kuwasilisha tasnifu. Bado namkumbuka.

Sasa mikutano inaingiaje? Baadaye nilihudhuria mkutano wa watumiaji. Wakati wa mapumziko nikaanza kumsimulia msimamizi mmoja nisiyemjua, na kabla sijafika katikati akauliza: "`size` na `min_size` zenu zilikuwa ngapi?" Alijua. Watu waliosimama pale karibu wote walijua. Ujuzi huo ulikuwa umejaa ukumbini, na sisi tulikuwa tumesaini makabidhiano bila hata mtu wetu mmoja kuwahi kukaa na watu wa namna ile.

Kwa hiyo Mlinzi, usichague kwa jina la mkutano. Angalia ratiba: una mapumziko marefu? Una kikao cha watumiaji kueleza yaliyowakuta? Kama siku nzima ni wauzaji jukwaani, baki nyumbani usome.

nodi_ya_saba

Pole sana mkuu. Ila wanaosoma waelewe kwamba hilo ni kosa la aliyefunga, Ceph yenyewe haihusiki. Nakala 3 na `min_size` 2, na metadata kwenye diski za SSD. Mngekuwa hivyo mngepoteza diski na kuendelea na kazi.

TuxMkongwe

Na kwenye Lustre watu hawachezei idadi ya nakala hivyo.

Bi_Seva

Kwa sababu Lustre kwa kawaida haina nakala, mzee wangu. Inategemea RAID au ZFS, njia za kulinda data kwenye diski, iliyo chini yake. OST ikifa kabisa, faili zote zilizo na kipande pale zimekwenda. Tuseme yote.

TuxMkongwe

Kuna FLR, uwezo wa kuweka nakala za faili, tangu toleo la 2.11, unaweza kuweka faili moja kwenye OST mbili tofauti.

Bi_Seva

Ipo, lakini ukiiandikia faili, nakala ya pili inahesabika imepitwa na wakati mpaka uendeshe `lfs mirror resync`. Hiyo inawafaa wanaosoma zaidi ya kuandika. Mtu akiamini ni sawa na nakala 3 za Ceph atalia kama Fundi. Na mifumo yote miwili haiondoi haja ya bekapu iliyo nje kabisa.

Kipanya99

Samahani kuingilia. GlusterFS mbona hamuitaji? Sisi tunayo na haina hata seva ya metadata, jina la faili lenyewe ndilo linaloonyesha iko wapi.

nodi_ya_saba

Tuliipenda wengi. Red Hat waliinunua 2011, na bidhaa yao iliyojengwa juu yake ilifika mwisho wa huduma 31 Desemba 2024. Msimbo bado uko wazi, ila nisingeanza mradi mpya nao. Anza kupanga namna ya kuhama mkuu, taratibu, data ikiwa bado nzima.

Kipanya99

Kuhamia wapi sasa? BeeGFS je?

TuxMkongwe

BeeGFS ilizaliwa Fraunhofer huko Ujerumani, zamani ikiitwa FhGFS. Kuifunga ni rahisi kuliko Lustre, nakiri. Ila soma leseni yake kwanza. Baadhi ya uwezo unahitaji mkataba wa kulipia. Fungua uzi wako, tutakusaidia huko.

Mlinzi_wa_Diski

Ahsanteni, na mnisamehe kwa ukimya. Majibu kwa Bi Seva: kwa sasa HATUNA mfumo wa namna hiyo. Tuna seva moja ya NFS (ya kushirikisha faili mtandaoni) iliyojaa na nodi za hesabu zinazoikaba. Tunataka kununua mwakani. Faili tunazo za kila aina, za picha kutoka kwenye darubini na matokeo ya programu. Anayekwenda ni mimi, na ndiye nitakayekuwa naamka usiku.

Bi_Seva

Hili ndilo lilitakiwa liwe kwenye mstari wa kwanza! Basi swali lako si la mkutano, unachagua mfumo kwa kupitia mkutano. Ukienda LAD utarudi na Lustre, ukienda Cephalocon utarudi na Ceph, kwa sababu ndicho utakachokuwa umekisikia kutwa.

Kama lengo ni kulinganisha, fikiria FOSDEM, mkutano wa programu huria, pale Brussels. Ni mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, kiingilio ni bure, na kuna ukumbi unaozungumzia hifadhi ya data ambako watu wa miradi tofauti hupanda jukwaa moja. Au hudhuria Ceph Days, ni za siku moja na hufanyika miji mingi, halafu bajeti kubwa uitunze kwa mkutano wa mfumo mtakaokuwa mmeuchagua. Video za Cephalocon na slaidi za LUG na LAD zimewekwa wazi mtandaoni. Soma za miaka mitatu iliyopita kwanza, uone wenye data kama yako wanalalamikia nini.

Fundi_Rafu

Naunga mkono kusoma kwanza, ila video haziwezi kukuuliza `min_size` yako ni ngapi.

nodi_ya_saba

Bajeti haitungwi hivyo kazini. Isipotumika mwaka huu inachukuliwa. Aende.

Bi_Seva

Aende, lakini akiwa na takwimu za kwake. "Faili za kila aina" si jibu. Mali bila daftari huisha bila habari. Mlinzi, endesha hii, na uiendeshe kwenye seva yenyewe, si kupitia NFS, usiku wakati nodi zimetulia:

`find /data -xdev -type f -printf '%s\n'`

Matokeo yaweke kwenye faili, kisha hesabu ngapi ziko chini ya KB 64, ngapi hadi MB 1, ngapi juu ya GB 1. Linganisha idadi na ujazo, kwa sababu mara nyingi faili ndogo ndizo nyingi kwa idadi na kubwa ndizo zinazojaza diski. Hapo ndipo utajua kama kinachowakaba ni metadata au ni upana wa njia. Ukiwa na karatasi hiyo mfukoni, mtu yeyote utakayemkuta kwenye mapumziko atakupa jibu la maana.

Mlinzi_wa_Diski

Nimeiendesha jana usiku kwenye folda moja ya mradi. Nimeshtuka. Sehemu kubwa kabisa ya faili iko chini ya KB 64. Programu ya kukata picha inaacha vipande vidogo vidogo na hakuna anayevifuta. Folda nyingine bado zinahesabiwa.

TuxMkongwe

Hata hivyo Lustre haijatoka mchezoni. Tangu toleo la 2.11 kuna DoM, mwanzo wa faili unakaa kwenye MDT (hifadhi ya metadata) yenyewe, klaienti haina haja ya kwenda OST kwa faili ndogo. Ukienda LAD uliza hilo kwanza.

nodi_ya_saba

Na CephFS inaruhusu MDS (seva za metadata) nyingi kufanya kazi kwa pamoja tangu toleo la Luminous, 2017. Ukienda Cephalocon uliza hilo.

Bi_Seva

Kabla ya yote mawili, waulize wenye ile programu kama inaweza kufunga vipande ndani ya faili moja ya HDF5, muundo unaobeba data nyingi pamoja. Huenda nusu ya tatizo ikaisha bila kununua kitu.

Mlinzi_wa_Diski

Nitawauliza. Bosi naye amesogeza tarehe, anataka jibu Ijumaa. Hesabu za folda zilizobaki nitazileta zikikamilika.

Kipanya99

Mkuu, kwenye hiyo NFS ruhusa za faili mnatumia ACL (orodha za ruhusa) za POSIX au za NFSv4? Sisi ndipo tulipokwama tulipojaribu kuhamisha. Lustre na CephFS zote zinaelewa za POSIX, lakini zile za NFSv4 hazikuhama zenyewe.

Mlinzi_wa_Diski

Hata sijui. Naangaliaje?

Kipanya99

Ingia kwenye klaienti yoyote, jaribu `nfs4_getfacl` kwenye folda moja ya watafiti, bandika majibu hapa.