Wamezima sauti ya marehemu mama kwenye video yangu mwenyewe, kisa wimbo wa taarabu

Wakuu, leo sina salamu. Mods, naomba uzi huu muuache hapahapa, msiupeleke kule kwenye jukwaa la teknolojia ambako hapiti mtu. Hili linamhusu kila mwenye video ya harusi nyumbani kwao.

Jumamosi tunamsomea mama hitma, ametimiza mwaka. Dada zangu wawili wanatoka Muscat, shangazi anatoka Pemba. Kila mtu kapewa lake, huyu mchele, yule mbuzi. Mimi kitinda mimba nikapewa jepesi: lete ile video ya harusi ya dada mkubwa, Tanga, Desemba 2004, tuitazame usiku wanawake wenyewe. Picha za mama tunazo sanduku zima. Video anayoongea ni hiyo moja tu.

Jana nikaingia kwenye huo mtandao wa video ambao nimeuamini tangu 2016. Nikaenda moja kwa moja dakika ya 41. Mama kakaa mkekani, kamshika dada mkono, anamvutia kwake kama anayetaka kumnong'oneza, mdomo unatembea. Kimya. Nikapandisha sauti ya simu mpaka mwisho. Kimya. Nikadhani hedifoni zimeharibika, nikazichomoa. Nikarudisha nyuma: dakika ya 40 vigelegele vinasikika safi kabisa, halafu vinakatika katikati kama mtu kafunga mlango. Sauti inarudi dakika ya 49, watu wanagombania sinia la biriani. Dakika nane zote mama anausia, hakuna neno hata moja. Na chini pana kijistari cha kijivu, herufi ndogo kama sisimizi: sehemu ya sauti imezimwa kutokana na dai la hakimiliki.

Hakimiliki ya nani?? Mama ni wangu, harusi ni yetu, mpiga video tulimlipa wenyewe!

Kumbe nyuma ya mama kulikuwa na spika inapiga taarabu. Sasa harusi ya Tanga bila taarabu si msiba huo? Kwa wasiojua, hii mitandao ina mashine inayosikiliza kila kinachopandishwa na kukilinganisha na ghala la nyimbo zilizosajiliwa na wenyewe. Ikikuta kinachofanana, inafanya alichoagiza mwenye wimbo: kuzuia video, kuzima sauti, au kuweka matangazo pesa ziende kwake. Na haisikilizi siku ile unayopandisha tu. Wimbo ukisajiliwa leo, inarudi kupekua na video za zamani. Mimi mara ya mwisho niliitazama 2021 na sauti ilikuwepo, mama alikuwa hai, tulicheka naye alivyokuwa akimkonyeza dada. Yaani wakati mimi nazika, mashine ilikuwa inapekua sanduku langu.

Na asije mtu kuniambia niliiweka hadharani. Iko faragha tangu siku ya kwanza. Ile ni shughuli ya wanawake, watu wamevua mabuibui, hata mpiga video tulitafuta mwanamke. Wanaoweza kuiona ni watu sita dunia nzima, wanne wa tumbo moja na binamu wawili. Niambieni, mwenye wimbo anapoteza shilingi ngapi watu sita wakimsikiliza marehemu mama yao? Kwani kuna mtu atakayeacha kununua taarabu kwa sababu kaisikia nyuma ya mama yangu, imechanganyika na jenereta?

Nikakata rufaa. Fomu ina visanduku: una kibali cha mwenye wimbo? Wimbo ni wako? Kisanduku cha "mama yangu anaongea hapo" hakipo. Ila wakanipa njia tatu za "kutatua tatizo". Ya kwanza, nikikate hicho kipande. Ya pili, niweke muziki mwingine kutoka maktaba yao. Nilijaribu kwa hasira tu: mama anamuusia mwanawe kuhusu ndoa huku linapiga gitaa la tangazo la sabuni. Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Kuna kitufe cha kuondoa wimbo na kubakiza maneno. Nikabonyeza, nikasubiri karibu saa nzima nimekaa kitandani kama anayesubiri majibu ya hospitali. Ikatoka sauti ya mama akiwa kama ndani ya mtungi. Nusu ya maneno yameondoka pamoja na kinanda. Nimeambulia mawili: "mwanangu", na mbele kidogo, "subira".

Hapo ndipo nilipolia, halafu nikaanza kutukana. Maana kumbe sauti WANAYO! Haijafutwa. Imekaa kwenye mashine zao, wameifungia, na mimi niliyewapa ndiyo siruhusiwi kuisikia.

Basi nikasema nipakue faili langu niondoke, wabaki na wimbo wao. Mwaka 2016 nilipandisha faili la GB 4.3. Nililipandisha kwa bando la usiku, siku tatu mfululizo, likifika asilimia 60 linakatika naanza upya. Jana lililorudi lina MB 610. Kimya ni kilekile, dakika 41 hadi 49. Na picha ndiyo usiseme. Mama siku ile alijifunga kanga nyekundu, na kwenye DVD jina la kanga lilikuwa linasomeka kabisa akigeuka kuchukua kitu. Sasa hivi ni mstari mweusi umevimba. Nakumbuka lilianza na "Mola". Lililobaki nilikuwa nalisoma pale pale kwenye video, sikuwahi kulikariri, ya nini wakati video ipo?

Kijana wetu wa IT kazini akanieleza kwa nini, tena kwa upole wa kuniudhi. DVD zetu huku ni za PAL, yaani ule mfumo wa picha wa TV zetu, picha ina mistari 576 kwenda chini. Mitandao ya video haikuwekei faili lako ulivyolileta, inalikamua upya ili mtu mwenye intaneti dhaifu naye atazame, na ngazi iliyo karibu na hiyo ya kwetu ni 480. Ukipakua, unapewa hicho kilichokamuliwa. Yeye anasema hiyo ni kawaida, ni mtandao wa kuonyeshea, si wa kuhifadhia. Sawa mwanangu, lakini kwa nini wanaandika "hifadhi kumbukumbu zako" pale unapofungua akaunti?

Najua swali linalofuata: ya asili iko wapi. Haya, nichekeni. Mpiga video alitupa kanda ya VHS. Ikakaa kabatini Tanga, na joto la Tanga na unyevu wa bahari mnavijua, ikaota ukungu mweupe kama unga. Mwaka 2011 nikaileta Dar kwa fundi mmoja Kariakoo, akaisafisha, akaihamishia kwenye DVD mbili. Moja ikaenda Muscat ikapotea kwenye kuhama nyumba. Nyingine ninayo hapa mezani, ina vidoa kama ngozi ya mjusi, kila mashine inaitema. Na kanda? Fundi huyohuyo ndiye alinambia, "Dada, siku hizi nani anafuga kanda? Pandisha mtandaoni, haipotei mpaka kiama." Nikapandisha. Baada ya hapo shemeji akafanya usafi wa kabati. Hilo kosa ni langu, nalibeba. Lakini wao nao wabebe la kwao.

Na si mimi peke yangu, msidhani nimelogwa. Google Video ilianza 2005, 2009 ikaacha kupokea video mpya, 2012 ikafungwa kabisa. Google Photos watu walizoea kujaza bure bila kikomo, Juni 2021 bure hiyo ikaisha. Facebook nao Februari 2025 wametangaza kwamba matangazo ya moja kwa moja yanakaa siku 30 tu, na yale ya zamani wenyewe wakapewa siku 90 za kuyapakua kabla hayajafutwa. Hebu fikirieni, kipindi cha korona ni misiba na harusi ngapi za Watanzania zilirushwa hivyo kwa sababu ndugu wa nje hawakuweza kuja! Ni wangapi waliliona hilo tangazo kwa wakati? Kama huko kwenu kuna msiba uliorushwa mubashara, acha kusoma huu uzi nenda kaangalie kwanza.

NYONGEZA, saa nne usiku:

Nimesoma majibu yenu. Anayesema "ungesoma vigezo na masharti", mkuu, wewe umesoma? Yote? Haya.

Aliyeuliza kwa nini sikununua diski ya nje: mwaka ule hela ya diski ilikuwa ada ya mtoto.

Aliyesema ningetumia zile huduma za kuhifadhi mafaili badala ya mtandao wa video, huyo kanena. Zile hazikamui, unachoweka ndicho unachokuta, hata kijana wa ofisini kasema hivyohivyo. Ningejua.

Mwanasheria wa humu aliyenishauri nimtafute mwenye wimbo anipe kibali kwa maandishi: nimetafuta. Mwimbaji ameshafariki naye, Mungu amrehemu. Anayedai ni kampuni ya kusambaza muziki mtandaoni, ofisi yao haina hata namba ya simu. Nimewaandikia barua pepe, imejijibu yenyewe ndani ya sekunde mbili kwamba wanathamini ujumbe wangu.

Lakini kuna dada mmoja kaniuliza jambo ambalo sikulifikiria: mpiga video mwenyewe yuko wapi? Nikapiga simu Tanga kwa jirani, jirani akampigia mtu, jioni hii nimeongea naye. Ni mama mtu mzima sasa, ameacha kazi, anauza vitenge. Anasema alikuwa anapiga kwa kanda ndogo, zile za MiniDV, VHS aliyotupa ilikuwa nakala tu. Nyingi alizirekodia juu shughuli nyingine, maana kanda zilikuwa ghali. Ila ana kumi na moja kwenye ndoo ya rangi chini ya kitanda, karatasi zimebanduka, hajui ipi ni ya nani. Kamera yake ilikufa zamani.

Kwa hiyo wakuu, mwenye kamera ya MiniDV inayocheza kanda, si lazima iwe inarekodi, pamoja na waya wake wa FireWire (ule wa kuhamishia video kwenye kompyuta), anifuate PM. Nakodi, siazimi bure. Naondoka na basi la Alhamisi asubuhi.