Redio mpya ya gari: stesheni nyingine safi, nyingine mchakacho mtupu

Bweyos_Derava
Habari za jioni ndugu zangu. Gari ni la Kijapani, la 2006, antena yake imechorwa kwenye kioo cha nyuma. Redio ya kiwandani ilikuwa inaishia 90 MHz na ilifungiwa ekspanda, kile kiboksi cha kushusha stesheni za juu zisikike chini ya 90. Sasa imewekwa ya skrini, ya Android. Hapa Kampala 91.3, 93.3, 97.3 na 101.3 zinaingia vizuri. Lakini 88.2, 88.8, 89.2 na 90.0 ni mchakacho, na redio ikijitafutia stesheni inaziruka. Nikishika njia ya Jinja, nikipita Mukono hata hizo nzuri zinafifia, Lugazi sipati kitu. Halafu chaja ya simu ikiwa kwenye tundu la sigara kuna mluzi. Fundi aliyeifunga anataka ninunue busta ya kukuza mawimbi ya antena. Ninunue?

Waya_na_Risasi
Usinunue bado. Busta hukuza kila kinachopita kwenye waya, mchakacho ukiwemo. Kama eathi ya antena (muungano wake na chuma cha bodi) ni mbovu, utapata mchakacho wenye nguvu zaidi. Tena ukiwa chini ya milingoti ya redio ya kilima cha Kololo, hapo Kampala, mawimbi tayari ni makali: ukiyaongeza, redio inalemewa na stesheni moja inaanza kusikika juu ya nyingine.

Pima kwanza redio yenyewe. Chomoa plagi ya antena nyuma ya redio, chukua waya wa kawaida wa sentimita 75, ingiza ncha kwenye tundu la katikati tu, isiguse chuma cha pembeni, upande wa pili utoe dirishani. Urefu huo ni robo ya wimbi la 100 MHz, kwa hiyo ni antena kamili. Zikiingia vizuri kuliko kwa antena ya gari, redio ni nzima, ugonjwa uko kwenye antena ya gari au waya wake.

Masafa256
Ssebo, hebu tazama tena namba zako. Zinazosikika zinaishia .3 zote. Zinazogoma zinaishia .2, .8 na .0. Hiyo si antena! Redio yako imewekwa eneo la Marekani. Kule stesheni hukaa kwenye desimali witiri tu: 88.1, 88.3, 88.5, hivyo hivyo hadi 107.9. Kwa hiyo redio inatoka 88.7 inarukia 88.9, na CBS ya 88.8 inabaki katikati. Ukisimama 88.9 unasikia sauti iliyokwaruzwa, unadhani ni mawimbi dhaifu.

Ingia mipangilio ya redio, tafuta eneo, chagua Ulaya, kisha ifanye itafute stesheni upya. Kwenye redio nyingi za aina hiyo eneo limefichwa kwenye mipangilio ya kiwandani inayoomba namba ya siri, muulize aliyekuuzia. Ukiwa humo angalia pia alama ya LOC. Ikiwaka, redio inakamata zile zenye nguvu tu. Weka DX, ikamate na za mbali.

Kufifia baada ya Mukono ni jambo lingine. Antena ya kioo ni nyaya nyembamba, haifiki mbali bila kikuza chake kidogo kilichofichwa kwenye nguzo ya nyuma, ndani ya plastiki. Kikuza hicho kinahitaji volti 12 kutoka kwenye redio. Adapta nyingi za plagi ya pini 10 zinaacha pini ya ANT (ya umeme wa antena) tupu, ndipo mafundi wengi wanapoteleza.

Kiti_cha_Mbele
Si aweke tu antena ya pezi la papa juu ya bodi amalize?

Waya_na_Risasi
Zile za bei ya chini nyingi ni pambo, ndani kuna kipande kifupi cha waya. Na utatoboa bodi bure.

Bweyos_Derava
Masafa256, asante sana. Nimeweka Ulaya, 88.8 na 90.0 zimeingia safi hapo hapo. Waya wa dirishani pia unashinda antena ya gari. Nimefungua plastiki ya nguzo: kuna kiboksi kidogo, waya wake wa umeme unasoma 0.0 redio ikiwa imewashwa. Nyuma ya redio nina waya wa buluu na mwingine wa buluu wenye mstari mweupe, yote miwili inaning'inia. Na ekspanda bado imo, haina umeme.

Masafa256
Basi umefika. Tumia ule wa buluu mtupu, ulioandikwa ANT. Wenye mstari mweupe ni wa kuamsha amplifaya ya spika, ingawa kwenye redio nyingine rangi hazifuatwi, kwa hiyo soma maandishi. Uunge kwenye waya wa pini ya ANT ya plagi ya gari, weka fyuzi ya ampea 1, funga kwa risasi ya kuchomelea na utepe, usiishie kuusokota kwa vidole. Kisha pima tena kwenye kiboksi: karibu volti 12 redio ikiwaka, sifuri ikizimwa. Usichukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, maana kikuza kitakula betri usiku kucha.

Ekspanda itoe kabisa. Bila umeme inaweza kuziba mawimbi. Ikipata umeme itakuhamishia stesheni. Ya kushusha 14, kwa mfano, inaileta 103 kwenye 89. Pima pia eathi ya kiboksi: kutoka kwenye skrubu yake hadi bodi isizidi omu 1. Ikizidi, kwangua kutu hadi chuma king'ae.

Waya_na_Risasi
Ule mluzi: chomeka chaja, halafu chomoa antena. Mluzi ukipotea, unaingia kwa hewani, na dawa ni kubadilisha chaja. Ukibaki, unapita kwenye umeme. Hamisha eathi ya redio kutoka kwenye bano la dashibodi uifunge kwenye chuma cha bodi. Kama unapanda ukikanyaga mafuta hata bila chaja, ndipo umulike altaneta, ile inayochaji betri.

Bweyos_Derava
Volti 12.3 kwenye kiboksi. Chaja nimeitupa kwenye buti. Jumamosi naelekea Jinja, nitaandika Lugazi inasemaje.