Naomba ushauri: kinanda kinapasua sauti kwenye spika ya kuchaji

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, nashika vyombo vya kwaya yetu. Tuna spika ya kubeba ya inchi 15, ina matundu mawili ya maiki na moja la laini (line in, la kuingizia sauti ya vifaa kama simu au kinanda). Maiki inatoka safi kabisa. Nikichomeka kinanda kwenye tundu la pili la maiki, sauti inapasuka hata volyumu ya spika ikiwa chini. Nimebadilisha waya, nimezima eko, nimepunguza besi, wapi! Kwenye laini kinatulia, ila hapo ndipo tunachomeka simu ya kupigia ala (muziki mtupu wa kuimbia), na Bluetooth inakatika katika. Jumamosi tuna harusi, sitaki kabisa kuwaangusha maharusi.

Je, nikishusha sauti kwenye kinanda chenyewe, tundu la maiki litakipokea vizuri? Au ninunue mixa ndogo (kifaa cha kuchanganya sauti), kinanda na simu viingie laini kwa pamoja?