Kukamua pareto bila heksani: kiyeyusho kipi kinafaa?

Mkulima wa Makete: Habari zenu wanajukwaa. Ushirika wetu huuza maua makavu ya pareto, na sasa wanachama wanapendekeza tukamue wenyewe dawa ya kuua wadudu iliyomo. Tumeelezwa kwamba viwandani hutumika heksani kama kiyeyusho, yaani kimiminika cha kuyeyusha dawa itoke kwenye maua, nasi hatutaki kuiweka karibu na makazi ya watu. Je, mvuke unaotumika kukamua mafuta ya makonyo ya karafuu unaweza kutufaa?

Mkemia: Mvuke hautawafaa, ndugu. Mafuta ya karafuu hupanda pamoja na mvuke, lakini pirethrini, yaani viini vinavyoua wadudu, ni vizito, haviyeyuki katika maji na huharibika kwa joto. Hofu yenu kuhusu heksani ni ya haki kabisa: hutokana na petroli, hushika moto upesi, na anayevuta hewa yake kwa muda mrefu huweza kudhurika neva za mikono na miguu. Iliyo safi zaidi ni kabonidayoksaidi, ambayo ikipita nyuzi joto 31 na shinikizo la takriban mara 73 ya lile la hewa, hupenya unga wa maua kama gesi huku ikiyeyusha kama kimiminika, na shinikizo likishushwa huondoka yenyewe. Kikwazo ni bei ya mitungi na pampu za kuhimili shinikizo hilo.

Dada wa Maabara: Kwa ushirika ningeanza na ethanoli ya miwa, ikisaidiwa na mawimbi ya sauti yanayozidi hezi 20,000 (mitetemo kwa sekunde), ambayo huzalisha viputo vinavyopasuka na kubomoa kuta za seli, hivyo muda wa kuloweka hupungua sana. Chombo kizungushiwe maji baridi, maana mawimbi hayo hupasha joto. Ethanoli hubeba pia klorofili na nta, kwa hiyo mtapata kimiminika cha kijani kinachohitaji kupozwa na kuchujwa, kisha ethanoli ivukizwe katika ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, kwa joto dogo ili itumike tena. Nayo huwaka, basi moto usiwe karibu.

Mkulima wa Makete: Nashukuru sana. Na kuanika juani?

Mkemia: Mwanga mkali huharibu pirethrini, ambazo nyingi zimo katika vijimbegu vya ua. Anikeni kivulini penye hewa, na msisage hadi siku ya kukamua. Kabla ya kununua mtambo wowote, maua yapimwe maabara. Yaliyo mazuri huwa na pirethrini asilimia 1 hadi 2. Pimeni na makapi baada ya kukamua, mjue kiyeyusho kimeacha kiasi gani ndani.