Lori la dizeli limegoma kuwaka: ninunue kidude cha bluetooth, X431 iliyotumika, au niite fundi mwenye mashine?

MbaoKavu
Wakuu habari za mihangaiko. Lori langu limegoma kuwaka tangu juzi, liko Mafinga na mzigo wa mbao juu. Mafundi wameshalishika, kila mmoja na lake: huyu anasema pampu, yule anasema nozeli. Nimechoka kubahatishiwa, nataka mashine yangu mwenyewe ya kupimia. Kuna kidude cha bluetooth cha kusomea kompyuta ya gari kwa simu, Kariakoo elfu thelathini. Kuna jamaa anauza Launch X431 iliyotumika, mashine ya kupimia ya mafundi, milioni moja na nusu. Na kuna fundi wa Iringa mwenye mashine yake, anataka laki moja na nauli juu. Nichukue ipi?

fundi_wa_pampu
Lori gani? Injini gani? La mwaka gani? Stata inazungusha au inalia "tii" tu? Ukipiga stata, bomba la moshi linatoa chochote? Bei tatu umeleta, jina la gari hujaleta.

SemiTreila
Chukua X431, maliza. Mwenye lori asiye na mashine ni shamba la mafundi, kila anayepita anavuna.

MbaoKavu
Samahani wakuu. Ni Isuzu Forward ya Japani, injini 4HK1. Stata inazungusha vizuri tu. Mwaka sikumbuki, kadi iko nyumbani.

fundi_wa_pampu
Hiyo ni komoni reli, yaani pampu inasukuma dizeli kwa presha kubwa kwenye bomba moja (reli) linalolisha nozeli zote, na kompyuta ndiyo inaamua. Umeme wake ni volti 24. Kabla ya kutoa hata mia, fanya haya. Weka mita kwenye betri, mtu apige stata. Ikishuka chini ya 19, mambo ya pampu weka kando kwanza, kontrol boksi (kompyuta ya injini) inaweza kuzingua kwa umeme mdogo hata kama unaona injini inazunguka. Pili, mtu asimame nyuma. Stata inazungusha na hakuna moshi kabisa, ujue dizeli haiingii kwenye silinda. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inaingia ila haiungui, hiyo ni habari nyingine.

Mashine inakuja baada ya hapo, na usiishie kwenye kodi za makosa, zile namba zilizohifadhiwa na kompyuta. Fungua data hai, vipimo vya papo hapo, huku stata inapigwa. Kwanza angalia mizunguko ya injini: injini inazunguka lakini skrini imeganda kwenye sifuri? Sensa ya krenki, inayopima mzunguko wa injini, au waya wake. Halafu angalia presha ya reli. Ikibaki megapaskali tano sita, haiwaki hata ukeshe hapo. Injini hizi zikiwa kwenye silensa tu, zimewaka bila kukanyaga mafuta, zinakaa thelathini na ushee.

KijanaWaTunduma
Kidude cha bluetooth kwenye volti 24 kitaungua. Vimetengenezwa kwa gari ndogo.

dotcom_gereji
Siyo vyote. Changu nakichomeka kwenye Canter ya 24 kila siku na kipo.

KijanaWaTunduma
Kipo, lakini kinasoma nini?

dotcom_gereji
Kwenye Canter hakisomi kitu 😂 lakini hakijaungua.

fundi_wa_pampu
Ndiyo hoja yenyewe. Malori mengi ya soko la Japani hayaongei lugha ya OBD ya kawaida, ile ya kompyuta za gari ndogo, hata kama soketi ni ileile ya pini 16. Kidude kinawaka taa, simu inakuandikia haikuunganishwa. Kwa Isuzu unataka mashine yenye menyu ya malori ya Kijapani.

MamaFuso
Nisemee na mimi, maana hili la mashine lilinikausha. Canter yangu ilianza kuwaka kwa tabu asubuhi, mwishowe ikagoma kabisa. Akaja kijana na tableti kubwa, akachomeka, ikatoka kodi P0087. Akanionyesha skrini kama daktari na eksirei: "Mama, presha ya reli iko chini, pampu imekufa." Nikanunua pampu ya mtumba. Gari ikawaka siku hiyo, kesho yake kimya. Akarudi, kodi ileile. Sasa akasema injekta zinarudisha mafuta. Zikafunguliwa zote nne, zikapelekwa kupimwa, tatu zikaonekana nzima kabisa. Hapo hela ya ada ya watoto nimeshaigusa. Mwisho akaja mzee mmoja hana mashine wala simu ya maana. Akachomoa mpira unaotoka tenki, akaweka mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, akautumbukiza kwenye dumu la dizeli alilolipandisha juu ya chesisi. Akapampu kwa mkono, stata moja, ikanguruma. Mpira wa zamani ulikuwa na ufa chini ya kibano, unavuta hewa. Mpira! Kodi ilisema ukweli kwamba presha iko chini, ila haikusema kwa nini, na yule kijana hakujiuliza.

SemiTreila
Hapo kosa ni la kijana, siyo la mashine.

MamaFuso
Hela ilikuwa yangu, siyo ya mashine.

mwanaNakuru
Pole sana mama. Huku kwetu pia ni hivyo, wakiona kodi wanabadilisha tu. Ndugu mwenye Isuzu, filta ya dizeli umebadilisha lini? Na mafuta uliweka wapi mara ya mwisho?

MbaoKavu
Mafuta niliweka ya madumu njiani, usiku.

KijanaWaTunduma
Jamani! Dizeli ya madumu kwenye komoni reli?

Babu_6D16
Ndiyo maana mimi sitoki kwenye Fuso yangu ya 6D16, pampu ya kawaida. Ikigoma natoa hewa, napampu, naondoka. Haiulizi sensa.

dotcom_gereji
Babu, na mafuta inakunywa je? 😂

mzalendo_halisi
Suala la mafuta EWURA, wadhibiti wa nishati, walilishughulikia, vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) vinawekwa tangu 2010.

KijanaWaTunduma
Vinasaba vinakaguliwa vituoni. Dumu la njiani nani analikagua?

SemiTreila
Turudi kwenye mashine. Muuza X431 muulize: ina adapta ya malori ya volti 24, au ni ya gari ndogo tu? Na programu yake bado inapokea masasisho au muda umekwisha? Muda ukikwisha unalipia upya. Mwambie aichomeke kwenye Isuzu yoyote ukiangalia.

MbaoKavu
Asanteni. Nimepiga stata, hakuna moshi. Fundi wa Iringa anasema kesho. Chini ya filta nimetoa maji kidogo.

fundi_wa_pampu
Maji kidogo ni kiasi gani? Na volti ulipima? Redio na chaja zako zinachukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili za 12? Wengi wanafanya hivyo ili kupata 12, betri ile moja inadhoofika peke yake.

Babu_6D16
Huyo ameshalala.

mwanaNakuru
Nikiingilia kidogo: kuna mtu ametumia X431 kwenye HOWO, lori la Kichina? Binamu yangu ameletewa moja na taa ya injini haizimi.

dotcom_gereji
HOWO usianze hapa, fungua uzi wako.