Tolueni inaondoka kwenye 120 °C halafu inarudi: kichocheo cha MnO2 kimekufa?

kijiti_nano: Habari wakuu. Nimetengeneza vijiti vya nano vya α-MnO2 (manganizi dioksidi ya umbo la fuwele la alfa) kwa potasiamu pamanganeti na manganizi salfeti: autoklevu (chombo kilichofungwa cha kupashia kwa shinikizo) 140 °C saa 12, kisha tanuru 550 °C saa 4. Napitisha hewa yenye tolueni (mvuke wa kiyeyushi) ppm 1,000, yaani sehemu 1,000 kwa milioni, ml 100 kwa dakika, juu ya mg 100 za kichocheo ili iungue. Kwenye 120 °C, GC (kichanganuzi cha gesi) yenye FID (kitambuzi cha mwali) inaonyesha 45% ya tolueni imeondoka. Baada ya saa mbili ni 8% tu. Kimekufa?

mizani_kaboni: Hakijafa mkuu, hakijaanza kazi. Sehemu kubwa ya hiyo 45% ilinaswa juu ya uso wa oksidi, haikuungua. Uso ukishajaa, tolueni inajipitia. Pima CO2: kila molekuli ya tolueni hutoa saba, kwa hiyo ppm 1,000 ikiungua yote utaona ppm 7,000. FID peke yake haiioni CO2. Weka methanaiza (kifaa kinachogeuza CO2 kuwa methani) mbele yake au tumia TCD (kitambuzi cha upitishaji joto). Kila joto, subiri vipimo vitatu mfululizo vilingane ndipo uandike.

fuwele: Mimi nina shaka na tanuru. Kwenye 550 °C, MnO2 huachia oksijeni na kugeuka Mn2O3. Hiyo nayo huunguza tolueni, sikatai, lakini utakuwa unapima kitu kingine na eneo la uso wake limepungua. Tazama XRD (kipimo cha fuwele kwa eksirei) ya mionzi ya shaba: α-MnO2 ina vilele kwenye pembe za nyuzi 12.8, 18.1, 28.8 na 37.5, ukiona 32.9 ni Mn2O3. 300 °C saa 3 zinatosha. Na kabla ya kukausha, osha hadi tone la bariamu kloridi lisitie weupe kwenye maji ya kuoshea, maana salfeti ikibaki inaziba uso.

kijiti_nano: 32.9 ipo, tena ndiyo ndefu kuliko zote 😅 Narudia. Je, nichanganye kichocheo na mchanga?

mizani_kaboni: Lazima, ili joto lisambae. Ppm 1,000 ikiungua yote bila joto kupotea, gesi hupanda kama nyuzi 120, na kipimajoto cha ukutani mwa tanuru hakitakuambia. Tumia mchanga wa kwatzi, punje mm 0.25 hadi 0.42 sawa na kichocheo, ncha ya themokapo (kipimajoto cha waya) iwe ndani ya tabaka lenyewe. Bomba la kutokea nalo lipashwe 120 °C, la sivyo asidi ya benzoiki, inayotokana na tolueni isiyoungua yote, itagandia humo na hesabu ya kaboni haitafunga (kaboni inayotoka haitalingana na iliyoingia).