Tupeane uzoefu: Siku za mwisho za safari ya Ulaya na mwenza wako, na balaa la kurudi nyumbani

Kobe Mwendo (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Leo nimetumwa nishushe begi juu ya kabati, mtoto anakwenda bweni. Kwenye mfuko wa pembeni nikakuta tiketi ya boti ya Venice, ile ya euro tisa na nusu, na sarafu mbili za senti 20. Nimekaa kitandani nacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni.

Watu wakirudi Ulaya wanatuma picha za Mnara wa Eiffel tu. Hakuna anayetuma picha za siku mbili za mwisho, mfuko umetoboka, miguu imevimba, hamsemeshani, na kundi la ukoo WhatsApp linauliza "mnatua saa ngapi?", maana yake mmetuletea nini. Sisi Mei 2025 tulimalizia Paris na euro 41 taslimu, kadi imegoma. Treni ya RER B kwenda uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle ilikuwa euro 13 kwa kichwa. Piga hesabu. Ikabaki 15. Nikanunua mkate mrefu na maji, tukala tumesimama kituo cha treni cha Gare du Nord, mabegi tumeyabana katikati ya miguu kwa kuogopa vibaka. Mke wangu akanitazama akasema, "Baba Neema, hii ndiyo fungate uliyoniahidi tangu 2009?" Sina jibu mpaka leo.

Haya, mwaga yako.

Fundi Saa

Umenikumbusha mbali mkuu. Hiyo ya kutosemeshana nilidhani ni kwangu tu.

Mama Junior Tabata

Mimi huwa nasoma napita, lakini hapa sipiti.

Tulikuwa Roma, tumepanga chumba upande wa Trastevere. Ndege saa tisa na nusu alasiri, uwanja wa Fiumicino. Mimi nikasema twende kituo kikuu cha Termini tukapande ile treni ya moja kwa moja, euro 14, dakika 32 umefika. Baba Junior akasema hapana, ipo ya kawaida ya euro 8 inapita hapa hapa Trastevere, wawili tunaokoa euro 12. Na kweli ipo, inaitwa FL1, inakwenda Fiumicino. Asichokijua ni kwamba FL1 hiyo hiyo, ukisimama upande wa pili wa reli, inakwenda Orte, mashambani kaskazini huko.

Tumekaa. Naona mto Tiber huo tunauvuka, nikauliza mbona tunarudi mjini? "Tulia mama, treni za wenzetu huzunguka." Tukafika kituo cha Tiburtina, watu wakamwagika. Nikamwambia Baba Junior, wenye mabegi wote wameshuka. Akasema hao wanaunganisha. Kidogo naona mizeituni. Mizeituni, jamani! Eapoti gani ina mizeituni?

Hapo ndipo mkagua tiketi alipotokea. Kumbe tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kituoni kabla ya kupanda, sisi tumeitunza safi kama cheti cha ndoa. Yeye anaongea Kiitaliano, Baba Junior anamjibu Kiingereza, mimi naomba msamaha kwa Kiswahili. Faini tukalipa.

Tukashuka kituo kinaitwa Fara Sabina. Kimya kama Ruvu saa saba mchana. Benchi moja, jua, mbwa mmoja anatutazama. Treni ya kurudi bado dakika 35. Hapo hapo simu ikaita, mama mkwe. "Wanangu, mmeshapanda ndege?" Baba Junior, huku kashika mpini wa begi, akajibu kwa sauti ya upole kabisa: "Ndiyo mama, ndiyo tunafunga mikanda."

Sijawahi kumchukia mtu vile, na sijawahi kumhurumia mtu vile, kwa wakati mmoja.

Jana yake alikuwa katupa euro 2 pale chemchemi ya Trevi. Wanasema ukitupa sarafu lazima utarudi Roma. Basi ile sarafu ilifanya kazi haraka mno, tulirudi Roma siku hiyo hiyo. Kaunta tuliikuta imefungwa dakika 25 zilizopita. Tulilala kwenye viti, kubadili tiketi ikatugharimu dola 460, shemeji yangu wa Mwanza ndiye aliyetutumia. Kisa euro 12.

Mjukuu wa Chifu

"Ndiyo tunafunga mikanda" 😂😂 Huyo mwanaume apewe ubalozi.

Ngome Kongwe

Pole dada'angu. Lakini zile sarafu za Trevi huokotwa wakapewa Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, kusaidia maskini, kwa hiyo mumeo katoa sadaka. Mlipwe huko mbele.

Mama Junior Tabata

Maskini siku hiyo walikuwa sisi, kaka.

Jogoo la Mjini

Mimi kichwa cha uzi nilidhani ni wa kujilipua, yaani kubaki huko huko. Umefika Ulaya, viza mkononi, halafu unahangaika kutafuta treni ya kurudi? Kweli Mungu hampi yote.

Kobe Mwendo

Viza ya Schengen, hiyo ya pamoja ya nchi za Ulaya, mwisho siku 90 ndani ya 180, mkuu, na sisi tulipewa 15 tu. Halafu watoto tumewaacha kwa bibi yao. Tujilipue tukale nini?

Jogoo la Mjini

Ndiyo maana hamuendelei.

Fundi Saa

Wewe uliyeendelea uko wapi sasa hivi? Mbagala si hapo?

Nakuru Finest

Wadau wa TZ hamjambo. Yangu ni ya zamani. Aprili 2010, mimi na bibi yangu tulikuwa Uholanzi kwa harusi ya rafiki, tukabakisha siku moja turudi Nairobi. Ile volkano ya Iceland ikatapika majivu, anga ya Ulaya karibu yote ikafungwa. Uwanja wa ndege wa Schiphol watu wamelala kwa vitanda vya kukunja kama kambi. Siku mbili za kwanza tulilala hapo, halafu jamaa mmoja wa Kisii anayeishi Almere akatuchukua kwake.

Sasa siku ya tatu ndugu yangu anapiga simu kutoka Naivasha, yeye alikuwa anafanya kwa shamba la maua. Ananiambia, "Brathe, hapa tunamwaga maua kwa shimo, hakuna ndege ya kuyaleta huko." Mimi siwezi kutoka Uholanzi, na waridi haliwezi kuingia Uholanzi. Na jamaa wa Almere kila asubuhi anatupeleka kuangalia tulipu za wenyewe ati tupunguze mawazo. Bibi yangu siku ya tano akaangalia shamba lote la tulipu, nyekundu mpaka macho yanaisha, akasema, "Sitaki kuona ua lingine maisha yangu yote." Mpaka wa leo ukimletea maua anakuuliza umefanya kosa gani.

Mjukuu wa Chifu

Pole mkuu. Ila mke ulimwacha wapi mpaka ukasafiri na bibi yako?

Nakuru Finest

Bibi ni mke! Nyinyi watu wa TZ 😅

Ngome Kongwe

Huku kwetu bibi ni bibi. Umemzeesha mtoto wa watu bure.

Tausi wa Ilala

Tuje kwenye faida. Mkinunua vitu dai kodi yenu mrudishiwe kabla ya kuondoka. Ufaransa ununue zaidi ya euro 100 kwenye duka moja, Ujerumani zaidi ya 50. Pasipoti mkononi dukani, fomu unapewa, uwanjani unaipitisha kwenye mashine au forodha wanakugongea mhuri. Usiyatumbukize manunuzi kwenye begi la kukabidhi kabla hujagongewa, watataka kuyaona. Mimi ilirudi laki na kidogo, mume wangu ndiyo akajua kwa nini nilikuwa nakusanya risiti kama karani.

Baharia Mstaafu

Na London msisahau kudai, pale wanatoa kirahisi sana.

Tausi wa Ilala

London walifuta hiyo 2021, baada ya kutoka Umoja wa Ulaya. Usipotoshe watu.

Baharia Mstaafu

Binti, mimi nimedai London wewe hujazaliwa.

Tausi wa Ilala

Sawa baba, lakini sasa haipo. Shikamoo.

Baharia Mstaafu

Marahaba. Wamekosea kuifuta.

Mnyonge wa Makambako

Nimesoma yote nikasema ninyamaze, nimeshindwa.

Schiphol, siku ya kuondoka. Begi mwisho kilo 23. Langu 19, la mama watoto 31. Mhudumu kwa adabu zote akasema tupunguze au tulipie. Tukasogea pembeni, nikalifungua sakafuni, mnajua ile aibu, chupi zenu zinaonwa na mataifa. Mimi nimeshavaa makoti matatu, moja langu, moja la mdogo wangu, moja la kike la dada yangu. Jasho linanitoka, na nje kuna baridi.

Natoa vitu vya wifi, vya shangazi, chokoleti, sufuria moja zito sijui la nani. Katikati kabisa kuna kitu kimeviringishwa kwenye kanga. Nikakifungua. Viatu. Vya kiume, ngozi halisi, vipya. Namba 44.

Mimi navaa 41.

Nikaviangalia. Nikamwangalia. Akavichukua mikononi mwangu taratibu kama anayepokea mtoto mchanga, akavitia kwenye begi lake la mkononi, akasema, "Hivi nitabeba mwenyewe." Nyuma foleni inasukuma. Tukapima, kilo 22.8, mhudumu akatutakia safari njema. Zaidi ya saa kumi angani, kiti na kiti, begi liko juu ya vichwa vyetu, sikuuliza. Simu inazima, nitarudi.

Fundi Saa

WEWE! Rudi hapa!

Mama Junior Tabata

Namba 44 jamani. Hata Baba Junior ni 42.

Jogoo la Mjini

Nilisema kujilipua hamkutaka. Huyu angejilipua pale pale Schiphol asingekuwa na huu mzigo.

Nakuru Finest

Pengine ni za babake. Wazee wana miguu mikubwa.

Mjukuu wa Chifu

Za baba yake angemwambia mbele ya mume, tena kwa majigambo. Kitu ukikiviringisha kwenye kanga na kukifukia katikati ya begi, wewe mwenyewe unajua.

Tausi wa Ilala

Wanaume mnapenda kuwaza mabaya. Mimi zawadi zote za mama mkwe nazificha, mume wangu akiona bei anaugua.

Daktari wa Mabegi

Naona watu wamehamia kwenye viatu, mimi niseme la maana. Ndege inayoondokea nchi ya Umoja wa Ulaya ikifutwa ghafla, ikikuacha kwa sababu imejaa, au ikakufikisha umechelewa saa tatu na zaidi kwa kosa la shirika lenyewe, una haki ya fidia. Safari ya zaidi ya kilomita 3,500, ambayo ndiyo ya kuja kwetu, ni mpaka euro 600 kwa kila abiria, na haijalishi shirika ni la nchi gani. Volkano na hali mbaya ya hewa hazina fidia, ila chakula na malazi bado wanapaswa kukupa. Mama Junior, wewe ndege haikukuacha, mliiacha nyie. Na begi likifika limevunjika, andikisha pale pale uwanjani kabla hujatoka, usisubiri nyumbani.

Fundi Saa

Asante daktari. Mnyonge yuko wapi?

Ngome Kongwe

Na mimi niongeze la kwangu kabla huyo hajarudi. Sie tulirudi kupitia Addis, tukakaa eapoti saa 14. Kufika nyumbani wakatudai kadi za homa ya manjano, maana ukipita nchi yenye ugonjwa huo ukazidisha saa 12 unahesabiwa umekaa. Yangu ninayo, ya mke wangu kaiacha kwenye droo ya kitanda. Alivyonitazama utadhani droo ni mimi. Halafu mfuko wa plastiki wa duka la uwanjani tukauacha hapo hapo, mifuko hiyo imepigwa marufuku. Manukato ya mama mkwe yakaingia Zanzibar yamefungwa kwenye soksi yangu. Iliyovaliwa.

Mama Junior Tabata

Afadhali yako yalifika. Mafuta yangu ya zeituni nusu lita niliyaweka begi la mkononi, wao wakati huo walitaka mwisho mililita 100. Yalibaki Roma. Mizeituni ilinifuata mpaka mwisho.

Mnyonge wa Makambako

Nimerudi. Umeme ulikatika.

Tulifika salama. Begi la mkononi likaingia chumbani, kesho yake nikatafuta, viatu havimo. Sikuuliza. Wiki ya tatu, Jumapili, tuko kanisani, kwaya inapanda mbele. Mwalimu wa kwaya akasimama kutupa mgongo, akainua mikono, akawa anapiga mguu kufuata mdundo. Nikatazama chini.

Ndivyo. Na vinang'aa.

Jioni ndiyo nikauliza. Akajibu bila hata kugeuka jikoni: kina mama wa kwaya walichanga, wakampa hela anunue kwa sababu anasafiri, na walisema iwe siri mpaka siku ya kumkabidhi. Nikasema sawa. Chakula kilikuwa kitamu tu.

Tausi wa Ilala

Si niliwaambia!

Mjukuu wa Chifu

Siku ya kumkabidhi wewe ulikuwepo kanisani?

Mnyonge wa Makambako

Jumapili hiyo nilikuwa Mafinga kikazi.

Mjukuu wa Chifu

Ahaa.

Nakuru Finest

Uliza mweka hazina wa kwaya. Michango lazima iko kwa daftari.

Mnyonge wa Makambako

Mweka hazina ni mke wangu.

Baharia Mstaafu

Kijana, usiulize tena. Mimi nina miaka 41 ya ndoa na kuna begi moja sijawahi kulifungua.

Fundi Saa

Mzee, begi gani tena hilo?

Kobe Mwendo

Wakuu nawakumbusha uzi ulikuwa wa safari. Mke wangu anasoma nyuma yangu hapa, anauliza swali moja tu: hivyo viatu vilikuwa vya kamba au vya kutumbukiza?

Mnyonge wa Makambako

Vya kutumbukiza. Kwa nini?